Laana Niliyotoa Kichwa Kikiwa Kimepotea

Sogeeni wanangu, Kitonga na Nzioki, na wewe Wanja mke wa Nzioki, usisimame mlangoni kama mgeni. Leo kichwa changu kimetulia, na sijui kitatulia tena lini, basi nisikilizeni nikiwa bado mimi.

Mnajua moyo wangu umechoka. Daktari wa Thika alinieleza pole pole kwamba moyo ukishindwa kusukuma damu, si miguu tu inayovimba, kichwa nacho kinapata damu haba, na mtu anasahau, anachanganyikiwa, anaingiwa na huzuni isiyo na sababu. Siku zile nilizogeukia ukuta mkasema mama amenuna, sikuwa nimenuna. Nililia hata mvua ilipotunyeshea mahindi vizuri. Yeyote kati yenu akiingiwa na giza kama lile asilifiche, aende aseme kliniki.

Sasa nije kwa Wanja. Daktari alikataza chumvi, naye akatii, nami kwa kupotea nikasema chakula hakina ladha kwa sababu kina sumu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, naye alinipa bila kuniuliza, hata nilipomtemea. Kisha Jumapili ile, mbele ya akina mama wa kanisa waliokuja kuniombea, nikashika titi lililomnyonyesha mumewe nikamlaani. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo haukuwa na akili pia.

Kitonga, nimesikia unataka Wanja arudishwe kwao Ruiru kabla sijafa, kwa kuwa laana ya mama ikizikwa naye haitoki tena katika boma. Sikulaumu, ndivyo tulivyowalea. Lakini aliyefunga ndiye hufungua, na ndiyo maana nimewaita.

Shamba la Ngoliba ligawanyeni nyinyi wawili, na mpaka ukae pale baba yenu alipouweka, msiuhamishe hata hatua moja. Vile vyumba vyangu vya kupangisha kule Witeithie ni vya Wanja. Nyinyi mlikuwa kazini, sikatai, lakini yeye ndiye aliyeniinua usiku nilipokosa pumzi, na asubuhi akavumilia matusi yangu. Nampenda kama niliyemzaa. Na kesho nikiamka nimepotea tena, nikamtukana, msimfuate mama huyo wa kesho. Mfuateni huyu wa leo.

Wanja, njoo mama. Fungua viganja nikutemee mate ya baraka, kama mama yangu alivyonitemea nikiolewa. Thu. Nililolifunga nimelifungua. Kaa katika nyumba hii bila hofu, watoto wako wakue, mikono yako isikose cha kushika. Kitonga, sema amina. Sema tena, nisikie.

Nzioki, niinulie mto... pumzi inakuwa fupi. Mungu awatunze wote. Msigombane nikienda. Nilitaka kusema jambo jingine... limenitoka.

Usilie, Wanja. Niletee ule uji wako... nitakunywa. Usitie chumvi.