Mwalimu Wakio Mulinge, Aliyechora Njia ya Mghoi (1956–2025)

Mimi ni Donald, kitinda mimba wa nyumba hii, na leo nimepewa kazi ya kumsomea dadangu maisha yake. Angekuwa amekaa hapo mbele, angeshanikosoa matamshi.

Mwalimu Wakio alizaliwa tarehe 12 Machi 1956 hapa Rukanga, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Festus na marehemu Mama Mukonyo.

Alianza shule hapa kijijini mwaka wa 1963. Akiwa darasa la nne alichukua makaa jikoni akawachora wana wa Israeli wakivuka bahari, ukuta mzima wa ghala la shule. Alichapwa viboko vitatu. Kisha mwalimu mkuu akaamuru ukuta usioshwe, na watu wakitoka kanisani walikuwa wanapita kumtazama Farao akizama. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka wa 1976.

Alifundisha shule za msingi mjini Voi tangu 1977 hadi alipostaafu mwaka wa 2016. Katika miaka hiyo alichora na kuchapisha vitabu vitatu vya picha, vyote kuhusu imani na watu waliotoroka utumwa. Vinasomwa shule za Jumapili kutoka Mahoo mpaka Kasigau. Tunajivunia, tena sana!

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na Vincent Mulinge, fundi wa reli. Shemeji husema alioa mke pamoja na makopo yake ya rangi. Mungu aliwajalia Immaculate na Kilonzo.

Kitabu cha nne kilimhusu Mghoi, mama yake babu yetu. Wakati wa njaa kuu, Mghoi akiwa mtoto, alitoroka msafara wa watumwa karibu na Maungu, akafika kwa wamisheni Rabai, akabatizwa, akarudi hapa mlimani Kasigau mtu mzima. Mwaka wa 2022 michoro ilikuwa tayari. Dadangu akamwonyesha rafiki yake Mwanamvita, mwenye duka la vitambaa Voi.

Mwanamvita akafungua mmoja mmoja, akasema, "Mama Kilonzo, mbona wabaya wote umewavisha kanzu kama ya marehemu baba yangu? Kwani huyu mtoto alishuka mlimani peke yake, hapana aliyemtoa?"

Kesho yake dadangu alikuja huku kumuuliza shangazi yetu. Shangazi alilia kwanza, ndipo akasema: Mghoi alitolewa kwa watu wa msafara na baba yake mdogo, naye baba mdogo akapewa mtama, ili watoto wale wadogo wasife. Dadangu alirarua michoro kumi na miwili akaanza upya. Ukurasa wa tisa alimchora baba mdogo ameshika kapu la mtama kwa mkono mmoja, na mkono wa pili bado haujamwachilia mtoto.

Mimi nilikataa. Ninalisema wazi kwa sababu yeye amelala hapa mbele yangu. Nilimwambia, "Dada, ya nyumbani hayaanikwi barabarani. Utatuaibisha ukoo mzima."

Akanijibu, "Donald, Mghoi alirudi akamsamehe, akamzika. Wewe unamfichia nani?"

Lakini mimi ndiye mwanamume pekee aliyebaki kwa baba yetu, na dadangu aliheshimu mila. Alisema hakitachapishwa mpaka nikubali. Kitabu kikakaa miaka mitatu.

Saratani ya tumbo iligunduliwa Februari 2024. Alitibiwa Voi na Mombasa, na Mwanamvita hakukosa kumletea uji. Septemba mwaka huu nilienda kumwona. Hakunisihi. Aliniomba tu nimsomee kitabu kwa sauti. Nilipofika ukurasa wa tisa nilishindwa kuendelea, nikalia kama mtoto. Akanipangusa kwa leso yake, akasema, "Pole, ndugu yangu. Maliza." Nikamaliza. Wiki hiyohiyo nilikipeleka kwa mchapishaji kwa mkono wangu.

Alituacha Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, kabla kitabu hakijatoka.

Ameacha mume wake Vincent, watoto wake Immaculate na Kilonzo, wajukuu watano, shangazi yetu, rafiki yake Mwanamvita, na mimi.

Vitabu vilifika jana. Mwanamvita anavyo pale kando ya hema, na kila mtoto apewe chake. Wazazi, wasomeeni chote, msiruke ukurasa wa tisa. Yule aliyemtoa Mghoi ni wetu, na Mghoi ni wetu.

Pumzika kwa amani, dada. Nilichelewa, nisamehe.