Dakika Hamsini na Tano kwa Mguu wa Mzee Lüthi

Bendicht Lüthi, mkaguzi wa njia za miguu wa kijiji chetu cha Hinterlangmatt, anastaafu leo, tarehe 30 Aprili 2025, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Katika muda huo wenyeviti sita wa baraza la kijiji wameingia na kutoka, na kila mmoja aliahidi kwamba siku moja angezitembea njia hizo zote. Wawili kati yao walifika hadi kwenye maegesho ya magari.

Wasifu huu umeandikwa na karani wa ofisi ya baraza, aliyeajiriwa Novemba iliyopita na ambaye bado yumo katika kipindi cha majaribio. Aliagizwa aandike kwa uchangamfu, asizidi kurasa mbili, na asiitaje njia ya Msitu wa Tann. Agizo la tatu limemshinda, naye anaomba radhi mapema.

Mzee Lüthi alianza kazi mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, akitokea kwenye kikosi cha wakata miti. Alipewa shoka, kopo la rangi ya manjano, brashi, na njia kumi na moja zenye urefu wa kilomita sitini na tatu. Aliambiwa kwamba msaidizi wake angefika baada ya muda mfupi. Tunaendelea kumsubiri.

Kazi yake ilikuwa kupaka alama za manjano kwenye miti, kubadilisha vipandio vya magogo vilivyooza, kuzibua mifereji, na kusimika mabango yanayomwambia mpita njia amebakiza muda gani kufika aendako. Kuhusu muda huo inabidi tueleze kidogo. Vijiji vingine huukokotoa kwa kanuni, kwa kuangalia umbali na mwinuko. Mzee Lüthi aliona ni aibu kumwandikia mtu muda ambao hakuna mguu uliowahi kuutembea. Kwa hiyo kila njia aliitembea mwenyewe, saa mkononi, kisha akaandika alichokiona.

Utaratibu huo ni wa haki na hauna kasoro yoyote, isipokuwa moja: mguu wenyewe ulikuwa unazeeka. Kwenye njia panda iliyo chini ya Msitu wa Tann, bango la mwaka 1990 linasema mgahawa wa kileleni uko umbali wa dakika arobaini. Hatua ishirini mbele yake kuna bango la mwaka 2018, lililosimikwa baada ya goti lake la kulia kufanyiwa upasuaji. Hilo linasema dakika hamsini na tano. Wageni wengi wamesimama kati ya mabango hayo mawili wakigombana na wake zao kuhusu walikopotezea robo saa kwa kupiga hatua ishirini.

Malalamiko yalipofika ofisini, Mzee Lüthi aliitwa ajieleze. Kumbukumbu za kikao zina jibu lake lote: "Yote mawili ni ya kweli. Kilima hakijabadilika, niliyebadilika ni mimi." Baraza liliahirisha suala hilo hadi kikao kijacho. Ilikuwa mwaka 2018, na kikao hicho kijacho bado hakijafanyika.

Aliyefurahi peke yake ni Bi. Dorli Kipfer, mwenye mgahawa wa kileleni. Kwa miaka mingi alikuwa akimbembeleza Mzee Lüthi: "Bendi, niongezee dakika kumi tu hapo kwenye bango. Mtu akijua safari ni ndefu anafika na njaa." Naye alikuwa akijibiwa kila mara, "Dorli, wewe ongeza shayiri kwenye hiyo supu yako. Dakika si zangu wala zako." Mwishowe goti lilimpa Bi. Dorli kumi na tano, bila hata ya kuombwa.

Ya dhoruba ya Desemba 1999 wengi mnayakumbuka. Katika Msitu wa Tann iliangusha miti mia tatu kwa asubuhi moja, yote juu ya njia. Mzee Lüthi aliingia na msumeno mwezi wa Januari akatoka mwezi wa Machi, akiwa amefungua njia nzima na kujenga upya vipandio vya magogo mia mbili na kumi na viwili. Baraza lilimshukuru kwa moyo mkunjufu. Shukrani zenyewe zimo katika kumbukumbu za kikao cha Aprili 2000, kati ya suala la taa za barabarani na suala la mbwa: "Njia iko sawa."

Sasa tufike pale ambapo karani aliombwa asifike. Mwezi Machi mwaka huu, baraza liliamua kwamba nafasi ya mkaguzi haitajazwa. Imenunuliwa programu ya kompyuta inayojua njia zote bila kuchafua viatu. Kila njia ilitakiwa ipate msimamizi wa kujitolea kabla ya leo, na ile itakayokosa ifutwe kwenye ramani. Njia kumi zilipata wenyewe haraka: kikundi cha akina mama, shule, bendi ya tarumbeta. Ile ya Msitu wa Tann, yenye vipandio vyake vinavyooza kila masika na ng'ombe wa Bwana Res Zaugg wasiopenda watu, haikumpata hata mmoja. Kulingana na programu, njia hiyo hutembewa kwa dakika thelathini na nane. Programu haijawahi kukutana na ng'ombe hao.

Baraza, ambalo hupenda kujiandaa mapema, lilikuwa limekwisha agiza bango la "Njia Imefungwa." Na kwa kuthamini uzoefu wa Mzee Lüthi, lilimkabidhi yeye mwenyewe heshima ya kwenda kulipigilia, Jumatatu ya wiki hii. Karani alitumwa afuatane naye ili ashuhudie na kujaza fomu.

Mzee Lüthi alilibeba bango mgongoni mpaka kwenye lango la malisho ya Zaugg, mahali ambapo njia inaingia msituni. Njiani alisimama mara tatu. Mara ya kwanza alikaza kipandio kilicholegea. Mara ya pili alizibua mfereji. Mara ya tatu alitoa brashi akapaka upya alama ya manjano kwenye shina la msonobari. Karani alimkumbusha, kwa heshima, kwamba njia hiyo inafungwa keshokutwa. "Keshokutwa," akasema Mzee Lüthi, na akamalizia kona ya nne ya alama.

Langoni walimkuta Bwana Zaugg, akiwa ameegemea nguzo. Wawili hao wamegombana kuhusu lango hilo kwa miaka ishirini na mbili, mmoja akitaka lifungike, mwingine akitaka lifunguke. Ofisi ina faili lao, nene kuliko faili la shule. Zaugg alilisoma bango polepole, kisha akacheka kwa pua.

"Bendi! Umejibebea jeneza lako mwenyewe?"

"Shika misumari, Res. Uwe na faida mara moja katika maisha yako."

"Sishiki. Ukilifunga hili lango, mimi nitamgombeza nani Jumapili? Mke wangu?"

"Jaribu uone."

"Nina akili zangu, mzee." Kisha akamgeukia karani, akamtazama kuanzia viatu. "Na wewe kijana wa baraza, una miguu, au ofisini mnagawiwa ya karatasi?"

Karani alijibu kwamba anayo miguu. Akaeleza pia kwamba kwa mujibu wa kifungu cha nne cha uamuzi wa Machi, kilichokosekana ni jina moja tu kwenye safu ya msimamizi, na kwamba kifungu hicho hakisemi kama karani aliye katika kipindi cha majaribio anaruhusiwa au la.

"Basi kama hakisemi, unangoja nini?" akauliza Zaugg.

Fomu ilitiwa saini na karani, kwenye safu ya msimamizi, juu ya nguzo ya lango, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mwandiko si mzuri, na karani anaomba radhi kwa hilo pia. Mzee Lüthi alichomoa nyundo kwenye mkanda wake, akaigeuza, akampa karani kwa upande wa mpini.

Fomu iliwasilishwa kwa mwenyekiti wetu, Bi. Regula Stettler, siku hiyohiyo. Aliisoma mara mbili, akatafuta kifungu cha kuikataa, akakikosa, akaigonga muhuri. Njia ya Msitu wa Tann imo kwenye ramani. Lile bango la "Njia Imefungwa" limeandikishwa kuwa "limehamishiwa matumizi mengine," nalo kwa sasa linaziba pengo kwenye banda la mbuzi la Bwana Zaugg, maandishi yakiangalia ndani. Mbuzi ndio peke yao wanaoonywa.

Baraza halikutaka Mzee Lüthi aondoke mikono mitupu. Dakika chache zijazo atakabidhiwa saa ya kisasa ya mkononi inayohesabu hatua na kumwelekeza mvaaji njia, asije akapotea katika msitu alioupaka rangi mwenyewe kwa miaka thelathini na sita. Tunamsihi aipokee kwa uso wa bashasha. Bi. Stettler ameichagua mwenyewe.

Mzee Lüthi, kwa niaba ya wote waliofika kileleni bila kujiuliza nani alikwangua matope kwenye vipandio, ahsante. Uishi kwa afya, goti likuhurumie, na supu ya Bi. Dorli ikukute ingali ya moto.

Jambo moja la kikazi, kisha tunyamaze. Jana karani aliitembea njia ile peke yake, saa mkononi, kama ulivyomfundisha, kutoka njia panda hadi mgahawani. Alipotea mara moja, na kwa ajili ya ng'ombe alizunguka mara mbili. Jioni alisimika bango la tatu kando ya yale mawili yako. Linasema mwendo wa saa moja na dakika ishirini. Ukilipita Jumapili, na ukafika juu mapema zaidi kwa goti hilohilo, tafadhali usimwambie mtu.