Kamera Chotara Haipandwi Mara Mbili

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka la mbegu, na ukikaa mwisho wa kushoto omba Mungu mwenzako wa kulia asiinuke ghafla. Kila asubuhi hukaa hapo watu ambao, ukiwauliza, watakuambia wana kazi nyingi mno. Asubuhi hiyo mwenye shida ya kweli alikuwa mmoja tu, mpiga picha aitwaye Flashi. Keshokutwa mdogo wake wa kike, aliyemlea tangu baba yao alipofariki, alikuwa anaolewa, na Flashi alikuwa ameapa mbele ya mama yao kwamba harusi hiyo ataipiga yeye mwenyewe, si mtu mwingine. Kamera yake ikaona ndiyo wiki nzuri ya kufa. Mwenye duka la kukodisha vifaa alimwekea mbili achague moja, na angepiga simu saa nne kamili kutaka jibu. Asipopata jibu, zote zinakwenda kwa wengine. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu, na Flashi, aliyekuwa mtu mwenye akili zake, akaamua kuomba ushauri kijiweni.

— Nisaidieni mawazo, wakubwa, alisema, akipokea kikombe kutoka kwa Mama Birika, muuza kahawa. — Kuna kamera mbili. Moja ni chotara, inapiga picha za kawaida na video pia. Nyingine ni ya sinema, kazi yake video tu, lakini hiyo video ukiiona utalia.

— Utalia kwa nini? aliuliza Girisi, fundi magari.

— Kwa uzuri.

— Aa. Nilidhani inatoa moshi.

Mwenye duka la mbegu, ambaye jina lake lilishasahaulika na watu humwita Mbegu tu, aliweka kikombe chini taratibu. Neno moja lilikuwa limemgusa.

— Umesema chotara?

— Chotara, mzee.

— Basi usihangaike kuuliza wengine. Chotara mtaa huu naijua mimi. Mahindi chotara nayauza mwaka wa kumi na mbili huu. Msimu wa kwanza unavuna mpaka magunia yanakwisha. Ukichukua mbegu zake ukazipanda tena msimu wa pili, unapata mabua.

— Mzee, hii ni kamera.

— Chotara ni chotara. Harusi ya kwanza itakupigia vizuri. Ya pili, utashangaa bwana harusi mbona amekonda.

Flashi alitaka kucheka, akatazama huku na huku, akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye. Girisi alikuwa anatikisa kichwa kwa uzito.

— Mzee kasema kweli, ila sababu siyo hiyo, alisema Girisi. — Gari chotara lina mafuta na lina umeme. Tambarare linakwenda na umeme, mlimani linakwenda na mafuta. Sasa hiyo kamera yako, ikipiga picha inatumia nini?

— Betri.

— Na video?

— Betri.

— Betri hiyohiyo?

— Hiyohiyo.

Girisi akawageukia wenzake.

— Mnaona. Hata hiyo chotara yenyewe siyo. Wamemuuzia maneno.

Hapo akaingilia Denge, kinyozi. Kibanda chake kiko hatua tatu kutoka benchi, na muda huo alikuwa amemwacha mteja kitini akiwa amenyolewa nusu kichwa.

— Mnazunguka mbuyu, alisema Denge. — Tatizo ni kuweka picha na video katika mwili mmoja. Fahali wawili hawakai zizi moja.

— Sasa nifanyeje? Mama anataka picha za kutundika ukutani. Bibi harusi anataka video, aje kuwaonyesha wajukuu.

— Achana na video. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha imetulia pale, inajiuza. Video muda wote inajitembeza.

Kila mmoja akaupima msemo huo kama unafaa, na ukaonekana unafaa.

— Denge, alisema Mama Birika, — na wewe unayejitembeza mpaka huku na mtu yuko kitini, tukuweke fungu gani?

Flashi aliangalia saa. Jambo hili alikuwa amelipima siku nne, na kila alipolipima mizani ilikataa kutulia. Ile chotara ilikuwa nyepesi, unazunguka nayo ukumbi mzima bila kuumia bega, na ukishaionyesha uso wa mtu inaufuata yenyewe popote uendapo. Lakini ukirekodi mfululizo kwenye ukumbi wenye joto, baada ya nusu saa inachemka na kujizima, pengine katikati ya kiapo. Ile ya sinema ingerekodi kutwa nzima bila kulalamika, na rangi ya ngozi ya mtu inatoka vilevile ilivyo, ila picha ya maana ya kutundika ukutani haikupi. Mwingine angesema chagua yoyote, watu wapate kula na kunywa. Flashi hakuweza. Karibu kila alichowahi kumpa mdogo wake kilikuwa nusu: sare ya shule iliyopunguzwa kutoka yake, vitabu vya kuazima, viatu vya kukua navyo. Kitu hiki kimoja alitaka awe amempa kizima.

— Chotara inachemka, alisema, akiwa amekata tamaa. — Hilo ndilo linaloniogopesha.

— Inachemka? Girisi akachangamka, maana sasa wameingia karakanani kwake. — Mbona umeficha hilo? Unaimwagia maji.

— Kamera?

— Kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na ile ya sinema ina feni ndani, haichemki.

— Ina feni? aliuliza Mbegu. — Basi maneno yamekwisha, chukua hiyo. Ukumbi ule una joto kali. Iweke karibu na wazee.

— Feni ya kuipoza kamera yenyewe, mzee, haitoi upepo wa watu.

— Choyo hicho, alisema Mbegu.

— Na mimi ya sinema siishauri kabisa, alisema Denge. — Mtu akijua anapigwa na kamera ya sinema, anaigiza. Bwana harusi ataulizwa kama amekubali, atanyamaza dakika tatu akitazama dirishani.

— Anyamaze kwa nini?

— Umeona wapi sinema mtu akakubali mara moja? Tena hapohapo lazima mlango ufunguke, aingie mtu aseme harusi isimame.

— Nani huyo?

— Yeyote. Nafasi ikishakuwepo, mtu hujitokeza. Mjomba wenu namfahamu, hawezi kuiacha ipite.

Kutoka kibandani ikasikika sauti ya mteja akiuliza kama atamaliziwa leo au aende kazini hivyohivyo.

— Nakuja, alisema Denge, asigeuke.

— Na stelingi ni nani? aliuliza Girisi. — Sinema ina stelingi mmoja, yule shujaa wake. Bwana harusi akiwa stelingi, bibi harusi atakasirika. Bibi harusi akiwa stelingi, ndugu za mume watakasirika. Wakiwa wawili...

— Zizi moja, alisema Denge kwa masikitiko.

Mbegu alikuwa anakuna kidevu, na Mbegu akikuna kidevu ujue kuna kitu kinachipua.

— Mimi naona mbali zaidi ya ninyi, alisema. — Kamera ya harusi ndiyo mwanzo wa ndoa. Wakianza na chotara, mwaka wa kwanza watapendana mpaka majirani wachoke. Mwaka wa pili...

— Mabua, alisema Girisi polepole.

— Mimi sijasema. Umesema mwenyewe.

Cha kusikitisha ni kwamba Flashi, mtu aliyesomea kamera, alianza kuingiwa na woga. Alikuwa anajiuliza kama kuna ukweli wowote katika mabua alipomwona mdogo wake akija kutoka kwa fundi viatu, mfuko mkononi. Akawasalimu wote, shikamooni, wakamwitikia marahaba bibi harusi, na kabla hajauliza kitu wakamweleza wote kwa pamoja: betri, feni, msimu wa pili, mjomba wa mlangoni. Alisikiliza kwa heshima mpaka walipopungukiwa pumzi.

— Kwa hiyo kaka, alisema, — kamera yoyote utakayochukua, wa kuishika ni wewe?

— Nani tena? Si niliapa.

— Tangu mwanzo hadi mwisho?

— Hadi mgeni wa mwisho aondoke. Sitakosa hata kitu kimoja.

Binti akahamisha mfuko wa viatu mkono wa pili.

— Na kuniingiza ukumbini, ataniingiza nani?

Girisi alitazama nati iliyokuwa mkononi mwake. Denge alianza, wahenga walisema, kisha akagundua kwamba juu ya jambo hili wahenga hawakumwachia neno. Mama Birika akaacha kumimina.

Flashi ndiye aliyehangaika zaidi, kwa sababu aliuona mlango ule wa ukumbi waziwazi. Alikuwa ameupanga siku nyingi. Mdogo wake anaingia, yeye yuko mbele yake anarudi kinyumenyume, jicho moja limefumba. Alishafikiria mpaka mwanga utakavyomwangukia begani. Katika hesabu hiyo yote mdogo wake alikuwa anaingia peke yake, na kaka mtu hakuliona hilo.

— Nilijua ni wewe, alisema binti. — Sikuuliza kwa sababu nilijua ni wewe. Mimi picha napenda, kaka, lakini sitaki nigeuke nikute mtu amefunika uso kwa kamera. Nataka nikuone.

Flashi aliona aibu, kisha chini ya aibu akaona furaha ambayo hakuitegemea, maana miaka yote alijiona mlezi wa kushikizia tu, mpaka apatikane mwenyewe. Akampokea mfuko wa viatu. Simu ikaita.

— Flashi, saa nne hii, alisema mwenye duka la kukodisha. — Amua, watu wanasubiri. Chotara au ya sinema?

Benchi zima likainamisha kichwa kuelekea kwenye simu. Denge alinong'ona kitu kuhusu fahali, Mama Birika akamkanyaga mguu.

— Bosi, alisema Flashi, — mtu wa kushika kamera unaye?

— Si uliapa kupiga mwenyewe?

— Niliapa. Unaye?

— Ninaye, mzoefu kabisa. Wa kushika ipi sasa?

Flashi alimtazama mdogo wake.

— Yoyote, alisema.