Christian Byamungu, Fundi Aliyesikiliza Klachi za Watu

Wasikilizaji wapendwa, mlioko hapa kambini Dzaleka, na nyinyi mliotufungulia redio huko mjini Lilongwe, Biwi, Mchesi na Kawale, karibuni tuketi pamoja. Leo hatuanzi na wimbo. Mama mwenye msiba ametuomba tuzungumze tu. Leo tunamkumbuka Christian Byamungu, fundi wa magari na dereva wa pikapu ya kanisa. Wengi mlimwita Papa Gabriella, kwa jina la binti yake. Papa Gabriella ametutoka. Tumemzika Jumamosi iliyopita. Mimi ni Drocella, na nitajitahidi sauti isikatike.

Alizaliwa Bukavu, Kongo, huko mtaa wa Kadutu, mahali ambapo kila barabara ni kupanda au kushuka. Ufundi aliujifunza huko, na vita vilimtoa huko. Alipofika Malawi alipata kazi Biwi, kwenye gereji ndogo ya Mmalawi mmoja, Bambo, yaani Bwana, Chimwaza. Hawakuwa na lugha moja. Walianza kuelewana kwa spana na kwa vicheko, kisha mmoja akajifunza Kichewa na mwingine akaokota Kiswahili cha kugombeza tu. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, mpaka ile amri ya wakimbizi kurudi kambini. Mnaijua, siirudii. Papa Gabriella akarudi Dzaleka, akawa dereva wa pikapu ya kanisa. Kama uliwahi kupelekwa hospitali kwa pikapu ile, ni yeye aliyekupeleka.

Sasa, huwezi kumtaja Papa Gabriella bila kutaja klachi. Mwenyewe aliiita ambreyaji, kama kwetu Kongo, mpaka mwisho. Ni ile sehemu inayoshika nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu, na inaliwa polepole kama soli ya kiatu. Alitufundisha dalili zake hata sisi tusio na baiskeli. Ukikanyaga mafuta, injini inapiga kelele lakini gari haliongezi mwendo, hiyo ni klachi. Pedali ikianza kushika huku juu kabisa, mguu ukiwa karibu kutoka, hiyo ni klachi. Ukipanda kilima na mzigo ukasikia harufu ya kuungua, usimtazame mama anayechoma mahindi kando ya barabara. Ni wewe.

Na kipimo chake kilikuwa hiki. Simamisha gari mahali palipo wazi, vuta breki ya mkono, ingiza gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi bado ni nzima. Ikiendelea kunguruma kama haijaguswa, imekwisha. Watu walikuwa wanahuzunika injini ikizima, naye anawapa mkono wa pongezi.

Alitucheka sana sisi tuliotoka milimani. Dereva wa Kadutu akisimama kwenye mteremko hashiki breki ya mkono. Analibeba gari kwa klachi, mguu nusu juu nusu chini, huku anasalimia watu dirishani. Huko kwetu ulikuwa ustadi, maana breki za magari mengi zilikuwa za kuombea. Lakini tumekuja na mguu huo mpaka hapa Malawi, na klachi zinakwisha kabla ya wakati. Papa Gabriella akisikia gari linanguruma na halitembei, alisema bila kugeuka, "Uyu ni wa kwetu."

Wasikilizaji wapendwa, sikilizeni hapa vizuri. Alisema kwamba mwenye gari ndiye wa mwisho kujua. Klachi haifi siku moja. Leo inashika juu kidogo kuliko jana, na mguu unazoea. Kesho juu kidogo tena, mguu unazoea tena. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, akiruhusiwa kutoka, alikuwa anaipeleka pikapu ya kanisa Biwi kwa Bambo Chimwaza. Anashuka, anampa funguo, anakaa upande wa abiria. Anasubiri kuambiwa. Fundi mzima, anaomba mwingine amsikilizie gari lake! Watu walimuuliza kwa nini. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Mi nimeshaizoea."

Halafu mafuta yakaadimika. Mnakumbuka foleni zile. Kidogo kilichopatikana kiliwekwa kwa ajili ya wagonjwa. Safari za Biwi zikasimama, miezi ikapita.

Katika miezi hiyohiyo Papa Gabriella alianza kuchoka. Alichoka kidogokidogo. Alikuwa anabeba tairi kwa mkono mmoja, akaanza kuliviringisha, kisha akaanza kumwita mtu aliviringishe. Akitoka kanisani alisimama njiani kusalimia watu, nasi tukasema kweli huyu mzee anapenda watu. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Usiku alimwomba mke wake, Mama Fidès, mto wa pili. Baadaye wa tatu. Mwishowe alilala karibu ameketi. Miguu ikavimba, akalegeza kamba za viatu.

Mama Fidès amenikubalia niseme maneno yake kama alivyoyasema. "Nilizania ni joto. Aliomba muto, nikaongeza muto. Nililala pembeni yake kila siku, Drocella. Kila siku. Sikuona kitu."

Mafuta yalipopatikana tena, Gabriella ndiye aliyeendesha, maana baba yake alisema macho yamechoka. Walifika Biwi. Papa Gabriella akashuka na funguo mkononi kama kawaida yake. Gabriella anasema Bambo Chimwaza alikuja mbio kumlaki, kisha akapunguza mwendo, kisha akasimama. Hakuzipokea funguo. Hakuitazama pikapu hata kidogo. Alimshika rafiki yake bega, akamgeukia binti, akamwambia kwa Kichewa ampeleke baba yake hospitali sasa hivi, na yeye mwenyewe akapanda nyuma, na nguo zake za grisi.

Madaktari walisema moyo ulikuwa umechoka tangu zamani. Walifanya walichoweza. Wiki haikuisha. Papa Gabriella alifariki Lilongwe, Gabriella akiwa amemshika mkono. Mama Fidès alikuwa bado njiani kutoka kambini.

Inaniuma. Sitajifanya hainiumi.

Pale msibani, Mama Fidès hakulia kama wengine. Alikaa akimtazama Bambo Chimwaza, mpaka akamwita. Akamuuliza mbele yetu, Gabriella akitafsiri, aliwezaje kuona kwa kutazama mara moja kitu ambacho yeye mke hakukiona. Nilidhani yule baba atatafuta neno la kufariji tu. Alikaa chini kwenye mkeka, kofia mkononi, akajibu kwa utaratibu. Alisema, "Mimi niliona kwa sababu sikuwepo, mayi. Kila mwezi alinipa funguo nimtazamie gari. Yeye mwenyewe hakunipa nimtazame. Na mimi sikuomba."

Hapo ndipo Mama Fidès alipolia. Nasi tukalia naye, Wakongo, Wanyarwanda na Wamalawi, hapo kwenye mkeka mmoja.

Mama Fidès, Gabriella, na ndugu wote wa familia ya Byamungu, hapa Dzaleka, kule Bukavu, na huko mliko, tunawapa pole. Mungu awatie nguvu. Bambo Chimwaza, zikomo kwambiri, asante sana, na pole sana kwako pia, kwa sababu nawe umefiwa.

Na sisi wengine, wasikilizaji wapendwa, tunaoishi na mtu chini ya bati moja, tunaomwona asubuhi na jioni mpaka hatumwoni tena, leo tumtazame. Tumuulize anapumuaje akilala. Tumpigie simu ndugu aliyekaa mbali siku nyingi, tumwombe aje, na akifika tusimuulize habari za safari kwanza. Tumuulize, unatuonaje?

Nilipotoka nyumbani kwa Mama Fidès jana alinisindikiza mpaka barabarani, ingawa alikuwa hajatoka nje tangu mazishi. Nilimuuliza niwaambie nini. Akasema, "Ubaambie batu wa redio hivi. Mi nilimupenda sana. Nilimuzoea tu."