Jutti Moja Si Yangu

Kwenye basi la kwenda Muktsar, mbele yangu, mama mzee alikuwa amepakata kiatu kimoja cha ngozi, jutti ya Kipunjabi. Jirani yake, mwanamke aliyekuwa akienda sokoni, akamuuliza ni cha nani.

“Sijui, binti yangu. Jumapili baada ya ibada nilichukua viatu mlangoni pa gurdwara, nikatoka nimevaa jutti yangu moja na hii ya mtu.”

“Biji, jutti hazina kushoto wala kulia. Ivae tu, itakuzoea.”

“Ile yangu nimeizoesha mguu huu wenye kinundu mwaka mzima, naipaka mafuta ya haradali kama mtoto mchanga. Nianze upya na miaka sabini na sita?”

“Unadeka. Mwanao akununulie raba.”

“Kaninunulia pea tatu. Zote zinabana. Hizi ndara ni za mkwe wangu.”

Mwanamke akacheka, kisha akakigeuza kile kiatu. Kisigino kilikuwa kimelika upande mmoja. “Huyu anachechemea,” akasema taratibu.

“Ndiyo. Na sasa anateseka na changu.”

Basi liliposimama mbele ya gurdwara, yule wa sokoni akashuka naye, bado akimwambia anadeka. Mimi nilibaki dirishani nikitazama miguu ya waliokuwa wakiingia, nikimtafuta anayechechemea.