Mzee Aliuandika kwa Nini

Asubuhi ile benchi la mbele ya duka la kinyozi lilijaa mapema, kahawa bado inafuka moshi. Ghorofani dirisha lilikuwa wazi na fidla inalia. Mpigaji alikuwa mdogo wake Kinyozi, tumbo moja. Benchini walimwita Shangazi, maana ndivyo watoto wa Kinyozi walivyomwita. Muziki wenyewe aliuandika marehemu baba yao, wa fidla moja peke yake, akafa bila kuupa jina wala kusema unahusu nini. Jumamosi Shangazi angeupiga ukumbini. Kila siku alifika pahali pagumu palepale, vidole vikateleza, akaanza upya. Kinyozi alishajifunza kunyoa bila kushtuka.

— Kaangukia palepale tena, alisema Breki, dereva mstaafu wa malori. Mi nawaambia, hapo ndo mwanamke anapanda treni. Sikilizeni: tiku-tiku, tiku-tiku. Mzee alipenda mtu kabla ya mama yenu, akaachwa stesheni.

— Breki, unamsema baba yangu na mi nimeshika wembe.

— Nimesema alipenda, sijasema aliiba!

Mama Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliweka kikombe chini.

— Treni gani, we mwanamume? Huko ni kubembeleza mtoto. Kabla ya Kinyozi alizaliwa mwingine, hakukaa. Marehemu mama yao aliniambia mwenyewe. Sikia unavyoshuka taratibu, kama mtu anamlaza.

— Mtoto gani analala na makelele yale ya katikati?

— Yale ni ya mama yake.

Kinyozi akafuta wembe, ingawa ulikuwa safi.

— Wote mnakosea, alisema. Bendi ilimfukuza. Akaapa ataandika kitu ambacho hata mmoja wao hataweza kukipiga. Ni kisasi, basi.

— Alikwambia?

— Angeniambia saa ngapi? Mi nilikuwa nauona mlango tu. Umefungwa, yeye ndani na fidla yake, sisi nje tunaambiwa tusicheze kwa sauti.

Aliyasema kwa ukali zaidi kuliko alivyokusudia. Breki hakuona, alikuwa ameshasimama.

— Nimepata! Treni ilibeba bendi, mwanamke ndo mwimbaji wao, na yule mtoto hakufa, walimchukua! Yuko hai mahali, anangoja ausikie huu muziki ajue kwao!

— Mnyang'anyeni huyu kikombe, alisema Mama Sindano. Kahawa imempanda kichwani.

Wakati wanacheka, fidla ilinyamaza. Shangazi akashuka, vidole vya mkono wa kushoto amevifunga plasta. Si mtu wa benchi. Wakasogea kumpa nafasi.

— Shikamoo, Mama.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

— Sikai. Wenye ukumbi wanataka niwaeleze watu hadithi ya huu muziki kabla sijaupiga. Nikasema nije kwa kaka.

Lo! Wakadakia wote kwa pamoja: treni, mtoto, bendi, kisasi. Shangazi aliwaacha mpaka wakaishiwa pumzi.

— Kaka, akauliza, unaishaje?

— Nini?

— Muziki wa baba. Mwisho wake ukoje?

Kinyozi alimtazama Breki. Breki akatazama ndani ya kikombe. Kinyozi alijaribu kuukumbuka ule mlango wa utotoni, akaweka wembe chini.

— Sijui, alisema polepole. Hata yeye alikuwa anakwama palepale. Anaanza upya, anakwama. Sijawahi kumsikia akipita.

Shangazi akaanza kubandua plasta.

— Basi nitapita mimi.

— Vipumzishe hivyo vidole, mwanangu, alisema Mama Sindano.

— Vitapumzika Jumapili.

Akapanda ngazi. Siku zile zilizobaki benchi halikubishana sana. Kila fidla ilipokaribia pale, mazungumzo yalikatika yenyewe.

Jumamosi mchana, siku ya wateja wengi, Kinyozi alifunga duka. Ukumbi haukujaa hata nusu. Wote watatu walikaa mstari wa mbele, Breki na koti la harusi yake. Shangazi alisimama, akasema, "Huu ni wa baba yangu. Kwa nini aliuandika, sijui. Nimekuja kuumaliza."

Akapiga. Alipofika pale, kidole kikateleza, Kinyozi akaukamata mkono wa kiti. Lakini safari hii Shangazi hakurudi mwanzo. Aliushikilia ule mlio, mbaya hivyohivyo, akausukuma taratibu mpaka ukakaa sawa, akavuka. Ng'ambo yake sauti ilikuwa ndogo, ya wazi, bila haraka yoyote.

Breki akamwinamia Kinyozi sikioni.

— Sasa huku, bwana, huku ndo...

— Nyamaza, Breki, alisema Kinyozi, macho yamejaa. Huku sijawahi kufika.