Verlin Stutzman na Fao Alilolikataa

Mchungaji, ndugu, na majirani wa Osgood Mills, mimi ni Merle Kauffman, mdogo wake Ardith, mjane wa marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu dada ameniomba nisome wasifu huu, akijua fika kwamba mimi na shemeji tulikuwa hatupikiki chungu kimoja, tena akaniambia, "Soma yote, usimpambe," kwa hiyo nitasoma yote, na ninamsomea hasa mtoto wao Corwin, huyu aliyekaa kiti cha mbele, ambaye alipunguzwa kazi ghalani tarehe 25 Agosti na mpaka leo amegoma kwenda kuomba fao la kukosa ajira, kisa baba yake hakuliomba.

Verlin alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 hapa hapa mjini, mtoto wa pili wa mzee Orrin Stutzman, fundi wa kuchomelea, na mama Leota. Alisoma shule zetu hizi, akamaliza sekondari Juni 1975, na elimu yake ikaishia hapo, nalisema hilo kwa sababu wapo humu wanaodhani alisoma Chuo Kikuu cha Tamarack, kwa jinsi alivyokuwa akisema "sisi" kila alipoitaja timu yao ya mpira wa Kimarekani, wakati darasa la chuo kile hakulikanyaga hata siku moja, na wao walimjua kwa namba ya kiti chake uwanjani tu.

Tarehe 16 Agosti 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha matairi, kwenye tanuri, ambako alifanya kazi miaka thelathini na tisa bila kuchelewa, na hilo silipingi.

Alifunga ndoa na dada yangu tarehe 9 Februari 1985, theluji ikiwa imefika magotini, kwa sababu Ardith alitaka Oktoba, majani yakiwa mekundu, na Verlin akamwambia Oktoba ni ya mechi. Walijaliwa mtoto mmoja, Corwin, aliyezaliwa tarehe 14 Oktoba 1989, siku ya Jumamosi, baba yake akiwa uwanjani, akaja hospitalini jioni, akamtazama mtoto, akasema, "Tumeshinda," na mpaka leo hatujui alimaanisha nini.

Kila Jumatatu marehemu alipiga simu redioni, mji mzima mlimsikia, akilalamika kwamba chuo kinakilipa chuo kidogo dola milioni nzima kilete timu ije kufungwa uwanjani kwetu, akiuita huo ushindi wa dukani, na kwamba mechi na majirani zetu, iliyokuwa ikichezwa Jumamosi tangu enzi za babu zetu, imehamishiwa Alhamisi usiku kuifurahisha televisheni, na katika hayo mawili alikuwa sahihi, inaniuma kukiri. Lakini hakukata simu bila kuwageukia wasio na kazi, akisema fao lile ni posho ya uvivu, na mimi niliyelichukua mwaka 1982 na tena 2009 akanibandika jina, hata mezani siku ya Shukrani akawa anasema, "Mpeni Mheshimiwa Posho bata mzinga, serikali imeshamlipia," na watu wanacheka, na mimi ninakula.

Tarehe 20 Novemba 2015 kiwanda kilifungwa. Siku tisa baadaye chuo kilimfukuza kocha, kikakubali kumlipa dola milioni tisa asifanye kazi, na Verlin, ambaye hakuwa tena na mshahara, alituma dola mia tano kuchangia mfuko wa mashabiki wa kulipia kuondolewa kwake. Nilikwenda jikoni kwao nikamwambia, "Shemeji, fao siyo sadaka, kiwanda kimelilipia miaka yote uliyotoka jasho."

Akasema, "Mimi siyo wewe."

Nikamuuliza, "Na kocha, anayelipwa akae kwake avue samaki, yeye siyo mvivu?"

"Kocha ana mkataba."

"Na wewe miaka thelathini na tisa ulikuwa na nini?"

Akaninyooshea kidole mlangoni, nikatoka, na kwa mwaka mzima hatukusemeshana.

Marehemu alikuwa na kisukari tangu 2008, bima yake ikaisha pamoja na kazi, Ardith akaenda kuosha vyombo jikoni shuleni, na Verlin akawa anajidunga nusu dozi ili dawa ifike mwisho wa mwezi, bila kumwambia mtu. Fao lingenunua dawa ile. Ilianza miguu, zikafuata figo, na tarehe 5 Septemba 2017, alfajiri, akafariki katika hospitali ya wilaya, akiwa na umri wa miaka sitini. Ningependa kuwaambia kwamba alijuta, lakini hakujuta, Jumapili ile ya mwisho alikuwa bado anafoka kitandani juu ya mechi ya jana yake, hamsini na tisa kwa sifuri, ushindi wa dukani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta chakula hadi jokofu likakataa kufunga, na wenzake wa tanuri waliokesha naye kwa zamu. Tunaishukuru pia klabu ya mashabiki kwa bendera ya kufunika jeneza, Ardith ameikunja na kuiweka varandani, waje waichukue mechi ikiisha, maana huko uwanjani ndiko waliko.

Corwin, baba yako alikuwa mchapakazi, na alikuwa mkaidi, na nilimchukia miaka mingi, na wiki hii nimelia kuliko nilivyotarajia. Hakukuachia ruhusa ya kwenda kuomba haki yako, hakuwa nayo hata ya kujipa mwenyewe. Mama yako ndiye anakupa, na amenituma niiseme mbele ya watu wote ili usije ukadai hukusikia, maneno ni yake: "Sitazika wawili kwa kiburi kimoja." Keshokutwa asubuhi ofisi ikifunguliwa mtakuwa mlangoni, wewe na yeye, ameshaomba ruhusa kazini.

Pumzika kwa amani, shemeji, tumekusema vya kutosha. Corwin, inuka, tumbebe baba yako.